Siku 8 au usiku 7? Kisa cha familia moja na safari ya meli kutoka Barcelona

Usuli wa kisa

Kisa hiki kinahusu watu watano wa familia moja waliosafiri kwa meli ya kitalii katika Bahari ya Mediterania, kupitia ofisi ya wakala wa usafiri ya Dar es Salaam ambayo wakati huo nilikuwa msimamizi wake wa mafaili. Majina, mwaka, kampuni za meli na hoteli vimeondolewa, na bei zimesogezwa kidogo bila kuharibu uwiano wake. Waliosafiri kutoka Dar es Salaam walikuwa watatu: baba aliyestaafu, mwenye umri wa zaidi ya miaka 70 na maumivu ya magoti, mama, mzaliwa wa mwambao, na dada mkubwa wa mama, aliyekuwa mwalimu wa shule ya msingi kabla ya kustaafu. Binti yao na mumewe wanaishi Muscat, na walikuwa wakutane na wazee Barcelona.

Njia ya meli ilikuwa ya kawaida kwa eneo lile. Abiria hupanda Barcelona siku ya Ijumaa, Jumamosi meli hutia nanga Marseille, Jumapili Genoa, Jumatatu Napoli, Jumanne Messina, Jumatano Valletta, Alhamisi hukaa baharini kutwa, na Ijumaa alfajiri hurudi Barcelona. Nchi zote za njia hiyo, yaani Hispania, Ufaransa, Italia na Malta, zimo katika eneo la Schengen, kwa hiyo wazee walihitaji viza moja tu, na siku zao za kukaa zilihesabiwa mfululizo tangu walipoingia hadi walipotoka.

Kijana wetu aliyeshughulikia faili hili alikuwa na uzoefu wa miaka kadhaa wa kuuza safari za mbugani, ambako desturi ya biashara ni kuandika hesabu zote mbili pamoja, “siku 4, usiku 3”, na mteja wala muuzaji hapotei. Safari ya meli hakuwahi kuiuza. Natanguliza jambo hili kwa sababu makosa yaliyofuata hayakutokana na uzembe wake; alifanya kazi kwa bidii, ila kwa kipimo cha biashara nyingine.

Mfuatano wa matukio

Familia iliwekewa mezani safari mbili zenye njia inayokaribiana. Ya kwanza ilitangazwa kuwa ya “siku 8” kwa euro 1,080 kwa kila mtu. Ya pili ilitangazwa kuwa ya “usiku 7” kwa euro 980. Baba, ambaye maisha yake yote ya kazi yalikuwa ya hesabu, aligawanya papo hapo: 1,080 kwa 8 ni euro 135 kwa siku, na 980 kwa 7 ni euro 140. Akahitimisha kwamba safari ya kwanza ni nafuu na tena ina siku moja ya ziada, na familia nzima ikakubaliana naye. Kijana wetu alisikia hesabu hiyo na hakuipinga, kwa sababu naye aliiona sahihi. Kumbe zote mbili zilikuwa za Ijumaa hadi Ijumaa, na abiria wa safari zote mbili analala melini mara 7. Kwa kipimo kimoja, safari ya kwanza ilikuwa euro 154 na ushei kwa usiku dhidi ya euro 140 ya pili. Huenda meli ya kwanza ilikuwa bora na ilistahili nyongeza ile ya euro 500 kwa watu watano, lakini ubora wa meli haukulinganishwa na mtu yeyote siku hiyo. Kilicholinganishwa ni siku na usiku, kana kwamba ni kitu kimoja.

Wiki iliyofuata mama alipiga simu kutoa maelekezo ya ndege. Maneno yake, kwa jinsi kijana alivyoyakumbuka baadaye, yalikuwa kwamba anataka waingie Barcelona “usiku wa Ijumaa” ili baba apumzishe magoti kabla ya kupanda meli. Kwa mama, kama kwa watu wengi wa mwambao waliokulia katika hesabu ya Kiislamu, usiku hutangulia mchana wake: jua likichwa Alhamisi, Ijumaa imekwisha kuingia, na usiku huo ndio usiku wa Ijumaa. Binti yake aliyeko Muscat alimwelewa bila kuuliza, maana Kiarabu nacho husema hivyohivyo, naye akakodi vyumba viwili vya hoteli Barcelona vya kulala Alhamisi, kwa bei isiyorejeshwa. Kijana wetu, aliyekulia bara, aliona kauli hiyo haikai sawa, kwa sababu Ijumaa usiku meli itakuwa imekwishaondoka. Badala ya kuuliza, akadhani mama anakusudia kusafiri usiku na kufika Ijumaa. Akaandika kwenye faili neno moja: “Ijumaa”. Neno “usiku” likaanguka njiani, na maana yote ikaenda nalo.

Maombi ya viza yakapelekwa yakiwa na tarehe ya kuingia Ijumaa, pamoja na nafasi za ndege zilizoshikiliwa bila kulipiwa, na bima ya safari ya siku 7, kwa sababu uthibitisho wa kampuni ya meli, tofauti na tangazo lake, ulisema “usiku 7”. Siku chache baadaye tulipewa taarifa kwamba bima ina upungufu wa siku moja. Bima ya viza ya Schengen, licha ya kutakiwa kufikia angalau euro 30,000, lazima ifunike muda wote wa kukaa. Kijana akanijia na fomu ya kubadilisha 7 kuwa 8, nami nikaweka sahihi bila kuuliza hiyo 8 imetoka wapi na kwa nini kwanza iliandikwa 7. Hilo ni kosa langu, na naliweka hapa kwa makusudi, kwa kuwa ndiyo ilikuwa kengele ya kwanza na mimi ndiye niliyeizima.

Viza zikatoka: halali kuanzia Ijumaa, muda wa kukaa siku 8.

Zilipobaki siku 19 kabla ya safari, dada wa mama alikuja ofisini kuchukua nakala ya ratiba. Aliomba karatasi, nikampa ukurasa wa kalenda wa mwezi uliopita, akaugeuza na kuchora nyuma yake mistari, mmoja kwa kila tarehe, na mbele ya kila mstari akaandika mahali watakapolala. Alianza Alhamisi. Kisha akauliza, kwa upole wa mwalimu anayejua kwamba mwanafunzi hana jibu: “Mwanangu, Alhamisi tunalala wapi?” Kijana akamwambia kuwa Alhamisi watakuwa njiani. Akauliza tena: “Na Ijumaa hii ya mwisho, mbona haina mahali pa kulala na ninyi mmeihesabu?” Kwa maswali hayo mawili makosa yote yaliyokuwa yamejificha katika faili yalitoka hadharani kwa pamoja: usiku mmoja ulioombwa haukuwepo, na siku moja iliyolipiwa haikuwa siku.

Maamuzi na sababu zake

Njia ya kwanza iliyofikiriwa ilikuwa kurudisha pasipoti na kuomba viza mpya inayoanzia Alhamisi, yenye siku 9. Tuliiacha. Muda wa kawaida wa kuamua ombi la viza ya Schengen ni siku 15 za kalenda, nasi tulikuwa na 19, zikiwemo za mwisho wa wiki na za kusafirisha nyaraka. Hati tatu zilizokwisha kupatikana zisingewekwa rehani kwa ajili ya usiku mmoja wa hoteli, hata kama usiku huo ulikuwa na sababu ya haki.

Njia ya pili ilikuwa kufika Alhamisi usiku kwa viza ileile na kutumaini kwamba hakuna atakayeangalia. Mmoja wetu aliitaja. Haikujadiliwa kwa zaidi ya dakika moja, kwa sababu abiria mwenye viza inayoanza kesho hukataliwa kwenye kaunta ya ndege huku huku Dar es Salaam.

Tukaamua kubaki na ndege iliyokuwa imeshikiliwa, itakayotua Barcelona Ijumaa saa 7 mchana, ilhali lango la abiria wa meli lingefungwa saa 11 na meli ingeng’oa nanga saa 12 jioni. Familia ilielezwa wazi kwamba nafasi ya saa 4 ni ndogo kuliko tunayoipendekeza kwa mtu yeyote. Baba aliombewa kiti cha magurudumu katika viwanja vyote vya ndege. Bima ilirefushwa hadi siku 10, safari hii nikiwa nimehesabu tarehe kwa kidole. Kuhusu kurudi, hatukuwa na uhuru wowote: kanuni ya mipaka ya Schengen huhesabu siku ya kuingia kuwa siku ya kwanza ya kukaa na siku ya kutoka kuwa ya mwisho, hivyo Ijumaa hadi Ijumaa ni siku 8 kamili, na viza ilikuwa ya siku 8. Stika iliandikwa kuwa halali kwa siku 15 zaidi mbele, lakini siku hizo za akiba huruhusu safari kusogezwa tu. Haziongezi hata siku moja ya kukaa. Ndege ya kurudi ikalipiwa ya Ijumaa ya pili, saa 9 alasiri.

Chumba cha wazee cha Alhamisi kilipotea. Binti na mumewe walikitumia kuweka mizigo.

Matokeo

Usiku wa Ijumaa, kwa hesabu ya mama, ulifika kama ulivyopangwa, nao wakaulala angani. Ndege ilichelewa kwa dakika 50. Foleni ya pasipoti, mizigo na teksi vikala muda uliobaki, na wazee walifika kwenye jengo la abiria saa 10 na robo, dakika 45 kabla ya lango kufungwa. Magoti ya baba yalivimba, na hakushuka Marseille wala Genoa. Bandari ya kwanza aliyoikanyaga ni Napoli.

Jambo lililomuudhi zaidi, hata hivyo, lilikuwa siku ya 8. Alikuwa ameiweka kiporo: mchana mzima wa Barcelona, na kanisa la Sagrada Família ambalo mkewe alilitamani. Usiku wa mwisho waliambiwa waweke mabegi makubwa kwenye ujia kabla ya saa 6, asubuhi wakatakiwa wawe wametoka vyumbani saa 2, na saa 3 walikuwa wamesimama bandarini wakitafuta teksi ya uwanja wa ndege. Siku ya 8 ilikuwa kifungua kinywa na foleni. Kanisa hawakuliona.

Nyumbani, baba alikagua bili ya mwisho ya meli na kukuta kwamba ada ya huduma, ile inayotozwa kila mtu kila siku kwa ajili ya wahudumu, imetozwa mara 7. Alinipigia simu si kulalamika bali kuuliza. Iweje kampuni iliyomuuzia siku 8 imtoze huduma ya siku 7? Nilimjibu kwamba bili ndiyo iliyosema kweli.

Uchambuzi

Swali la baba linastahili jibu refu kuliko nililompa kwenye simu, kwa sababu ndani yake mna sababu ya msingi ya kupima safari ya meli kwa usiku. Meli ya kitalii ya wiki hairudi bandarini ikapumzika. Asubuhi ya Ijumaa inashusha abiria, vyumba vinasafishwa, na adhuhuri ileile inapandisha wengine. Ijumaa moja kwa hiyo inahesabiwa mara mbili: ni siku ya 8 ya abiria wanaoshuka na siku ya 1 ya wanaopanda. Tukikubali kwamba kila safari ni ya siku 8, basi meli inayofanya safari 52 kwa mwaka itakuwa imeuza siku 416 katika mwaka wenye siku 365. Usiku hauna ulaghai huo. Kitanda kimoja hakilaliwi na familia mbili usiku mmoja, na ndiyo maana ada, vifurushi vya vinywaji na hesabu za ndani za meli hufuata usiku, hata pale ambapo tangazo linafuata siku.

Tatizo ni kwamba sekta yenyewe haijakubaliana. Kampuni ya meli ya Royal Caribbean hutangaza safari zake kwa idadi ya usiku. Carnival na Princess huandika siku, lakini safari yao ya siku 7 ni ya kulala mara 7, yaani neno ni siku na kipimo ni usiku. Viking, inayojulikana sana kwa meli za mtoni barani Ulaya, huita siku 8 safari ya kulala mara 7, kwa kuhesabu tarehe zote mbili za ncha. Kwa hiyo mteja anayeona “siku 7” kwa mmoja na “siku 8” kwa mwingine anaweza kuwa anatazama muda uleule. Hakuna anayesema uongo hapo, na pengine ndiyo sababu mkanganyiko umedumu: kila kampuni ina haki katika hesabu yake, na anayeumia ni yule anayelinganisha.

Sheria ya Ulaya imelitazama jambo hili kwa jicho la mnunuzi. Agizo la Umoja wa Ulaya namba 2015/2302 kuhusu vifurushi vya safari, lililoanza kutumika 1 Julai 2018, linamtaka muuzaji amweleze mteja, kabla ya mkataba, vipindi vya kukaa pamoja na tarehe zake, na pale malazi yanapokuwa sehemu ya kifurushi, idadi ya usiku. Ofisi yetu inauza Dar es Salaam na agizo hilo halitubani, lakini kama tungelifuata kwa hiari tusingekuwa na kisa cha kuandika. Agizo halikuchagua siku. Lilichagua tarehe na usiku.

Hata hivyo sikubaliani na wale wanaotaka siku zifutwe kabisa katika maelezo ya safari za meli. Viza huhesabu siku, tena siku za kalenda, ncha zote mbili zikiwemo. Bima nayo huhesabu siku. Mwajiri anayetoa likizo hahesabu usiku hata mmoja, na dawa za mzee wa kisukari au shinikizo la damu zinahesabiwa kwa asubuhi: mtu anayelala melini mara 7 ataamka melini mara 7, lakini mwenye kusafiri kutoka Dar es Salaam na kurudi ana asubuhi 9 au 10 za kumeza vidonge. Na zipo safari ambazo usiku hauzielezi vizuri. Meli iitwayo Queen Mary 2, inapovuka Atlantiki kutoka Southampton hadi New York kwa usiku 7, hurudisha saa nyuma kidogo kidogo hadi kufikia tofauti ya saa 5, kwa hiyo abiria hupata siku kadhaa za saa 25. Anayerudi mashariki hunyang’anywa saa hizohizo, na idadi ya usiku ikabaki 7 kwa wote wawili. Anayevuka mstari wa tarehe katika Pasifiki anaweza kulala Jumatatu na kuamka Jumatano. Kwa abiria wa namna hiyo, usiku ni kipimo cha kitanda tu.

Nikirudi kwenye kisa chetu, kosa la bei na kosa la viza yanafanana kwa sura lakini asili zake ni tofauti. La bei lilitokana na vipimo viwili vya kigeni vilivyowekwa mezani bila kubadilishwa kuwa kimoja, na dawa yake ni nyepesi: muuzaji agawanye bei zote kwa idadi ya usiku kabla mteja hajazigawanya mwenyewe. La viza lilitokana na Kiswahili chetu wenyewe, ambacho kina kalenda mbili ndani ya sentensi moja. “Usiku wa Ijumaa” ni kauli sahihi kwa mama na ni kauli sahihi kwa kijana, na baina ya usahihi wao mna saa 24 nzima. Vyombo vya habari vilikwisha kuona hatari hiyo zamani, ndiyo maana vikaandika “usiku wa kuamkia Ijumaa”. Ofisi ya usafiri, ambayo riziki yake ni tarehe, ilipaswa kuwa na tahadhari hiyo kabla ya mtu mwingine yeyote.

Inashangaza kidogo kwamba lugha hiyohiyo iliyotupoteza ina zana nzuri za kutuongoza. Tunalo neno kutwa kwa mchana hadi jua kuchwa, na kucha kwa usiku hadi alfajiri. Mzee akiulizwa amekaa ugenini muda gani, mara nyingi hujibu kwamba amelala siku tatu, na hakuna anayemwelewa vibaya, kwa sababu kitenzi kulala kinabeba kipimo hata kama nomino inasema siku. Dada wa mama hakutumia maarifa ya utalii alipochora mistari yake. Aliuliza swali ambalo mgeni yeyote huulizwa na mwenyeji wake, kwamba unalala wapi, na akaliuliza kwa kila tarehe bila kuruka.

Kilichofanya kazi katika faili hili, basi, ni kidogo: uamuzi wa kutogusa viza, kiti cha magurudumu, na bima iliyorefushwa kupita mahitaji. Mengine yaliokolewa na dakika 45. Sidhani kama uamuzi wa ndege ya Ijumaa unapaswa kusifiwa kwa sababu tu ulifaulu. Ndege ingechelewa kwa saa 2 tungekuwa tunaandika kisa kingine, chenye wazee watatu bandarini na meli inayoonekana kwa mbali.

Mabadiliko katika ofisi

Fomu yetu ya safari za meli sasa haina nafasi ya kuandika “siku” wala “usiku” peke yake. Ina safu tatu: tarehe, mahali msafiri alipo jua linapokuchwa, na mahali anapolala. Msafiri hujaza mwenyewe, kwa Kiswahili, kuanzia usiku anaotoka nyumbani hadi usiku anaorudi kitandani mwake, na idadi zote za viza, bima na bei huhesabiwa kutoka humo. Mteja akitaja usiku wa siku yoyote, huulizwa ni usiku wa kuamkia lini, na jibu lake huandikwa kwa tarehe mbili. Ukurasa wa kalenda wenye mistari ya mwalimu bado umo ndani ya faili, na mbele ya Alhamisi ya kwanza pana alama ya kuuliza aliyoikoleza mara mbili.